Hamsini na Nne na Kitu

Kazi yangu ni daftari na mizani.
Shekiondo anakata, vijana wanabeba, mimi naandika:
mlango, kilo arobaini na mbili.
Ngazi ya kupandia, kilo tisa.
Fremu za viti, mafungu mafungu, zimefungwa kamba;
sponji tumewaachia kuku wa Mama Ndeanka
wanaotagia nyuma ya stoo ya stesheni.

Mabehewa haya yalikuwa na injini tumboni,
hayakuvutwa na mtu.
Yalitoka Uingereza melini, pacha wawili,
yakashushwa Tanga, yakaja Moshi kwa miguu yao.
Namba Tatu na Namba Nne.
Rangi ya maziwa juu, nyekundu chini.
Kutu haikuuliza mpaka ulipita wapi.

Alfajiri Arusha, jioni kurudi.
Rundugai walipanda na nyanya, Kikuletwa na mbuzi,
walimu wakisahihisha madaftari magotini,
na bibi mmoja, ndoo ya mbege kaifunika jani la mgomba,
povu likipanda kila breki iliposhikwa.
Kwenye mwinuko injini iliguna chinichini
kama mume anayebishana na wageni wamo ndani.
Hayo sikuyaona. Nimeambiwa na meku Aminieli,
aliyekuja Jumatano, mtungi wa gesi haujafunguliwa.

Ovaroli kaipiga pasi.
Nikadhani kaja kuomba, maana wote huomba:
kengele, saa ya mafuta, kibao chenye jina la kiwanda
(hicho bosi alishakitia garini kwake).
Hakuomba. Alitoa mfukoni jani la sale,
akalipiga fundo,
akalichomeka kwenye bafa ya Namba Tatu.
“Huyu,” akasema, “nilimla.”

Mwaka ule spea hazikuja.
Barua zilikwenda, zikarudi barua.
Akachomoa pistoni huku, akatia kule,
kisha pampu, kisha redieta,
na Namba Tatu bado mzima, “ana kikohozi tu.”
Namba Nne ikatembea miaka sita kwa moyo wa nduguye,
abiria wakamsifu fundi.
“Usiku nikitoka zamu,” akasema, “nilizunguka kule kwenye mafuta machafu,
nisipite mbele yake.”

Shekiondo, mtu wa Lushoto, hajui sale wala kesi yake,
alizima kiberiti.
Akangoja.
Dakika ngapi sikuandika, daftari langu halina safu hiyo.
Kisha meku akasema: “Haya. Anzeni nyuma. Mbele kuna dizeli imelala.”
Na kweli ilikuwamo, lita kama kumi,
nyeusi, nzito kama asali ya nyuki wadogo.

Siku nne za cheche.
Asubuhi ya pili mlima ulitoka mawinguni wote, mpaka kileleni;
sisi tulikuwa tumeinamia ekseli.

Jumamosi nikajumlisha.
Ubavuni iliandikwa tani ishirini na nane kila moja, tupu.
Nilichopima: hamsini na nne na kitu.
Bosi akawatazama vijana.
Shaba najua nani kaichukua, lakini shaba haifiki kilo thelathini.
Nikarudia hesabu. Nikarudia tena.
Shuleni Mwalimu Kiwelu alitwambia mstari ukipungua mizani
ni guni, na guni halisomwi mbele ya watu.

Meku hakushangaa.
Akapitisha kidole kwenye gurudumu, pale lilipolika,
akanionyesha reli inayokwenda machweo,
nyasi zimeifunika hadi kiunoni.
“Nyingine iko huko,” akasema. “Unga unga.
Kila breki, kidogo.”

Bosi kasema unga hauuziki.
Lori limeondoka na nondo za kesho.
Jani sikulipima. Cheche zimelibabua ncha,
nimelibana daftarini, kati ya milango na breki.
Fundo lake bado limekaza,
na sijui ni nani anayepaswa kulifungua.